Binti wa Profesa Yuko Chumbani Kwangu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimehamishwa! Kuanzia leo nalala kwa Mama, kati ya cherehani na magunia ya nyavu, na chumba changu kapewa mgeni. Mama anasema ni wiki chache tu. Ziwa limefungwa tangu Mei, hakuna kuvua, Baba hana safari, anashinda uani anarekebisha nyavu ambazo hazina kosa — na bado tunaongeza mtu.

Mgeni anaitwa Agata Dusabe. Ni ekonomisti, msomi wa uchumi, ana doktora ya chuo kikuu, kakulia Ubelgiji. Amekuja kuwauliza wanawake wanaoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, wanaishi vipi ziwa likifungwa. Hayo ndiyo ya kuwaambia watu.

Yasiyo ya kuwaambia: ni mtoto wa Profesa Éphraïm.

Baba alituketisha kabla hajafika. Profesa mwenyewe ndiye aliyempigia simu, lakini binti hataki ijulikane. Na ni rahisi kuficha, kwa sababu huku kwetu kila mtoto ana jina lake, si la baba yake. Ukisikia Dusabe huwezi kujua katoka kwa nani. Baba akasema: jina lake ni Agata, basi, anayetaka zaidi amuulize mwenyewe. Halafu akanitazama mimi. Mimi! Mtu ambaye mwalimu wa Kifaransa alisahau mara mbili kumwita kwenye orodha, na sikumkumbusha.

Hakuna asiyemjua Profesa hapa Rumonge. Ni bwana wa samaki. Baba alimwendeshea mtumbwi wa injini tangu sijazaliwa, kutoka hapa mpaka mji wa Nyanza huko kusini na kurudi, Profesa akipima maji. Wengine wanamsifu. Wengine wanamtukana, wanasema yeye na wenzake ndio waliowashauri wakubwa kufunga ziwa ili samaki wazaliane.

Agata si mrefu. Nilidhani atakuwa mrefu.


Jumatano, 16 Julai 2025

Kiswahili hajui. Kirundi chake ni cha salamu na asante tu, amahoro na murakoze, kisha kinaisha. Baba akamwambia — kwa Kifaransa chake cha mtumbwini — kuwa Mwamini, yaani mimi, atamtafsiria, Mwamini alipata alama nzuri za Kifaransa.

Sikujua kama anazijua alama zangu. Miaka yote sijamsikia akizitaja. Leo kazitaja, kwa ajili ya mtu mwingine.

Tumekwenda uwanja wa kuanikia. Vichanja viko vitupu, nyavu zake zimelegea. Wanawake wamekaa chini yake kwenye kivuli wanauza mawese ya Kizuka, sabuni, nyanya. Wote wanauza vitu vilevile, wote wananunuliana. Mkubwa wao ni Mama Speciosa, amekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka na ulimi wake haujapata kupumzika. Alipomwona Agata akasema: "Huyu mzungu mweusi naye anatafuta nini hapa, jua limempotezea njia?"

Nikamtafsiria Agata: anasema karibu.

"Ni hayo tu?" Agata akauliza.

Ni hayo tu.

Jambo la ajabu: nikisema maneno yangu sauti inakwama. Nikisema ya mtu mwingine, inatoka. Leo nimesema siku nzima! Mama Speciosa kashangaa: "Kumbe binti Ayubu anaongea."


Ijumaa, 18 Julai 2025

Baada ya sala Baba alirudi moja kwa moja, hakupita popote, akakaa uani na Agata. Akamsimulia habari ya sahani. Kwamba Profesa alikuwa na bamba jeupe, analishusha majini kwa kamba ili ajue mwanga unafika wapi. Siku moja kamba ikakatika huko mbele ya Muhuta. Profesa karibu alie. Kesho yake Baba akachukua sahani ya harusi ya Mama, nyeupe, akaitoboa, akaifunga kamba! Walipima nayo msimu mzima. Mama hakujua mpaka alipokuja mgeni na sahani ikakosekana.

"Nilijua," Mama akasema kutoka jikoni. "Nilinyamaza tu. Ningesema nini, kwamba nagombana na sayansi?"

Agata alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akauliza polepole, na mimi ndiye niliyetafsiri: huko ziwani, baba yangu alikuwa ananitaja?

Baba akashika nyavu. Akavuta uzi. Akasema, "Sana, binti yangu. Kila siku."

Namjua Baba akidanganya. Anavuta uzi hivyohivyo.

Lakini "binti yangu"! Habari ya sahani mimi sikuwahi kusimuliwa. Nimezaliwa nyumba hii, nimekula kwenye sahani zilizobaki, na habari kaja kupewa mgeni.


Jumapili, 20 Julai 2025

Nina wivu. Nimeandika. Haujapungua.

Anafua nguo zake mwenyewe. Anaosha vyombo. Mama anasema hana maringo kabisa. Hata hilo linaniudhi, afadhali angekuwa na maringo.

Matokeo ya Egzame Deta, mtihani wa taifa, bado. Nikipata, nataka kusoma ekonomi, uchumi. Sijamwambia mtu. Sasa nitaanzaje kusema, watadhani namuiga.


Jumanne, 22 Julai 2025

Leo tumekwenda Kizuka, kunakotoka mawese. Mama Speciosa alitutangulia, sisi tukabaki nyuma tunapanda kwenye michikichi, na Agata akaanza kusimulia bila kuulizwa.

Kwamba Ubelgiji waliandika jina la baba yake kuwa ndilo la ukoo, kwa hiyo hakuna mahali alipofika bila baba kumtangulia. Alichagua ekonomi kwa sababu ni kitu ambacho baba hakijui. Haikusaidia. Alipopata kazi ya kwanza wakanong'ona kuwa mzee alipiga simu. Kwenye mikutano anasoma kazi yake, watu wanapiga makofi, kisha wanakuja kumuuliza habari za samaki. Siku ya kutetea doktora, mwenyekiti alimwona Profesa amekaa nyuma, akamwomba neno moja. Profesa akasema neno moja — juu ya ndagala — mpaka muda wa ukumbi ukaisha. Agata hakuwahi kujibu swali la mwisho.

Hata jina la Dusabe alipewa na bibi yake, likakaa tu bila kazi. Huku ndipo mahali pa kwanza linapofanya kazi. Akaniambia: "Hapa wakinisikiliza, wananisikiliza mimi."

Nilipaswa kumhurumia. Nilijaribu. Lakini kichwani nilikuwa napanga: Ubelgiji. Doktora. Baba wa namna hiyo, na sasa baba yangu pia juu ya huyo. Na analalamika! Mimi ningepewa hicho kivuli ningekaa ndani yake nipumzike.

Mama Speciosa alitusubiri nyuma ya mtambo wa mawese. Akatazama huku na huku, akavuta turubai. Ndagala! Wabichi wa usiku, wameanikwa pale penye michikichi mingi, mbali na macho. Wenye mitumbwi midogo wanaiba ziwa, wanawake wanaanikia huku. Akasema: "Mwambie namwonyesha kwa sababu hana mtu nyuma yake. Angekuwa mtu wa wakubwa, angeona mawese tu."

Nikatafsiri. Agata akainama kama anakagua samaki. Akasema, mwambie sitaandika mahali wala jina. Nitaandika tu kwamba watu wenye njaa hawawezi kungoja samaki wazaliane.


Alhamisi, 24 Julai 2025

Baba anamfundisha kufunga fundo la wavu. Mimi niliomba nilipokuwa darasa la sita, akasema vidole vyangu ni vya kalamu. Vya Agata ni vya nini basi? Vya doktora!


Jumamosi, 26 Julai 2025

Nimefanya kitu.

Agata alikuwa anaumwa kichwa, kabaki nyumbani. Mimi nimepeleka tu habari uwanjani kwamba leo hakuna maswali. Nikataka kuondoka. Mama Speciosa akanishika mkono, keti, keti kidogo. Walikuwa wengi, Mama yangu hakuwepo.

Wakaanza. Huyo Agata, wee! Mwanamke peke yake, kajipandisha mwenyewe. Hana mume wa kumtuma, hana baba wa kumsukuma, kachukua begi lake kaja. Mmoja akasema, angalia na hawa wetu, wanamaliza shule wanakaa kama mitungi. Wakacheka. Mama Speciosa akanipiga bega, si kwa ubaya: "Binti Ayubu, jifunze. Mwenzio kajitengeneza kwa mikono yake."

Na sauti ikatoka. Yangu, haikukwama hata kidogo.

"Ana baba."

"Kila mtu ana baba," mmoja akasema.

"Baba yake ni Profesa Éphraïm."

Nilidhani nitafurahi. Nilidhani watasema aa, kumbe! na atapungua kidogo, awe saizi ya watu. Mama Speciosa akatoa mkono wake begani kwangu. Akaanza kupanga nyanya zake upya, zile zile, pale pale.

Kisha akasema taratibu, si kwangu: "Nimempeleka mpaka kwenye turubai."


Jumapili, 27 Julai 2025

Turubai limeondolewa. Mama kasikia sokoni. Wanasema Profesa kamtuma mtoto wake kuwapeleleza.


Jumanne, 29 Julai 2025

Tumekwenda uwanjani na wote walisimama. Wamemletea Agata kiti. Mmoja kapiga goti! Agata akageuka kuangalia nyuma, alidhani kaja mtu.

Kisha wakaja mmojammoja. Madamu, yale niliyosema si kweli, nilikuwa nacheza tu. Madamu, sisi tunaishi vizuri ziwa likifungwa, tunapumzika. Madamu, futa sauti yangu kwenye hiyo simu. Madamu, mwambie mzee tunamshukuru. Mama Speciosa alikuwa wa mwisho. Hakusema madamu. Alisema: "Mwambie mimi sina cha kusema na sikuwahi kuwa nacho."

Nilitafsiri yote. Sikubadilisha neno.

Agata alifuta. Zote. Niliona kidole chake kinavyokwenda. Kazi yote aliyoijia.

Nyumbani akauliza nani aliyesema. Hakupaza sauti. Baba akawa wa kwanza kujibu, akasema itakuwa ni yeye. Kwamba pale msikitini watu walimsifia mgeni wake, na labda kwa furaha ulimi uliteleza, hakumbuki vizuri, lakini nani mwingine? Akaomba msamaha kwa mikono miwili, mbele ya Mama, mbele yangu. Agata akatingisha kichwa tu, akaingia chumbani. Kwangu.

Na mimi nikaambiwa nitafsiri msamaha huo. Nikautafsiri.


Ijumaa, 1 Agosti 2025

Baba hasimulii tena. Agata anasema bonjour, anapita. Uani kumekuwa kimya nilivyotaka.

Kwa nini sisemi? Kila asubuhi nasema leo. Baba anaketi na nyavu zake, najisogeza karibu, ananiuliza nini, nasema hakuna kitu.


Alhamisi, 7 Agosti 2025

Siku ndefu. Mkutano wa kabla ya kufungua ziwa. Wamekuja wageni kutoka Bujumbura, na Profesa.

Amekuja kwa maji! Baba alikwenda kumchukua Kabezi, na walipotokea watu walikimbilia ufukweni kama ni timu imeshinda. Mzee mdogo, mwembamba, kofia ya majani. Alishuka kashika bega la Baba. Hakuliachia. Akapita naye katikati ya watu akisema, huyu ndiye profesa, mimi nilikuwa abiria. Baba alicheka — sijawahi kumwona anacheka hivyo, meno yote.

Nikatafuta Agata alipo. Alikuwa pembeni, kashika begi la baba yake ambalo mtu kampa. Anautazama ule mkono kwenye bega la Baba. Macho yake nikayatambua. Ndiyo niliyokuwa nayo mimi tangu alipofika.

Bwana Revokatus, mkubwa wa komite ya ufukweni, akamwita kwenye mikro, kile kipaza sauti: sasa tumsikilize mtoto wa Profesa wetu. Hakutaja jina. Nilisimama kando yake nikatafsiri. Alisema vizuri. Kwamba samaki wanapumzishwa na ni haki yao, lakini kupumzika kwao kunalipwa na wanawake, na kwamba liwekwe kasha, yaani mfuko wa fedha, la kuwasaidia miezi ambayo vichanja viko vitupu. Wageni walikuwa wanaandika! Mama alikuwa amekaa mbele, nikaona ananyoosha shingo.

Revokatus akauliza: mama zetu, ni kweli mlimwambia mna shida kiasi hicho? Aliyesema anyooshe mkono.

Hakuna mkono. Walimtazama Profesa, wakatazama chini. Mama Speciosa alikuwa anafunga kilemba chake ambacho hakikufunguka. Mama yangu naye — hata Mama! — akatazama miguu yake.

Wageni wakaacha kuandika.

Profesa akachukua mikro, nadhani alitaka kumsaidia. Akasema kwa Kiswahili cha hapahapa: "Binti yangu banamufundisha hesabu kule Ulaya. Mimi nilisoma kwa samaki. Samaki hawajui kudanganya." Watu wakacheka mpaka nyuma kabisa. Agata akaniuliza anasema nini. Nikamwambia. Akasema merci, akarudi kulishika lile begi.


Ijumaa, 8 Agosti 2025

Profesa amekula kwetu. Anakula haraka, anasahau kunawa, Mama anampenda bure. Katikati ya chakula akanigeukia: ni wewe unayetaka ekonomi? Matokeo yakitoka, njoo Bujumbura, nitasimamia mimi. Chuo, mahali pa kukaa, vyote. Mtoto wa Ayubu ni mtoto wangu.

Baba akaacha kula. Akaweka mkono usoni.

Lakini mimi sikumwambia mtu! Nilimkuta Agata kwenye pipa la maji, akasema ni yeye aliyemwambia. Kwamba amenisikia ninavyotafsiri: maneno ya bei na mzigo nayatafsiri taratibu, kama mtu anayetaka kuyabakiza. Kwa hiyo alijua. Alimwomba baba yake jana jioni, baada ya mkutano ule. Baada ya kile kicheko.

Kisha akasema: "Kuanzia sasa ukifaulu watasema ni yeye. Chukua hata hivyo."

Nilitaka kusema palepale. Nikasema murakoze.

Profesa karudi na gari la wageni. Agata anaondoka kesho mchana.


Jumamosi, 9 Agosti 2025

Naandika jikoni. Maji hayajachemka, nasubiri yachemke polepole.

Mama Speciosa amekuja. Hatukumtegemea, begi la Agata lilikuwa tayari mlangoni. Kaja na mfuko wa mawese, kaketi uani, karibu na Baba na nyavu. Akasema hakulala. Kwamba jana waliketi wanawake wote wakasemana, kwamba waliona aibu kwa kilichofanyika kwenye mikro. Kama Agata angekuwa mpelelezi, pale mbele ya wageni ndipo angewataja, na turubai angelitaja. Hakutaja. Wako tayari kurudia yote, na safari hii na majina yao. Lakini kwanza anataka kumuuliza jambo uso kwa uso.

Nilikuwa natafsiri vizuri. Agata alikuwa ameanza kulegea, akavuta kiti.

Ndipo Mama Speciosa akasema, bila kunitazama, kama mtu anayetaja kitu ambacho nyumba nzima inakijua: "Muulize kwa nini alitufanya tusikie kwa binti Ayubu. Siku ile huyu mtoto alipotuambia uwanjani, mimi nilishampenda mgeni. Angeniambia mwenyewe ningenyamaza nalo mpaka kaburini."

Agata akanigeukia. Anasema nini?

Baba hahitaji kutafsiriwa. Uzi ulikuwa mkononi, hakuuvuta. Alinitazama tu, na ule msamaha wake wa mikono miwili ukawa hapo katikati yetu, mimi naye tunauona, Agata hauoni.

Nikasema: ngoja nilete chai. Kwa Kifaransa nimesema, kisha kwa Kiswahili, kama vile ndiyo tafsiri.

Sasa maji yanachemka. Mama Speciosa anasikika anauliza kama mtoto kalala. Agata ananiita jina. Ningeweza kurudi niseme chochote — anauliza kwa nini ulificha, basi, nusu tu, na hiyo nusu ni kweli. Ataondoka mchana. Baba hajui Kifaransa cha kutosha kunisahihisha.

Baba ameingia. Ameepua birika, ametoa vikombe, ameweka na changu. Amebeba sinia mwenyewe, ametoka nalo, na pazia la mlango ameliacha wazi.